Vipande vya Filamu Nilivyompa Dada

Kaa upande huu usio na upepo, nikueleze. Baridi ya Ufipa haimhurumii mgeni, na habari yenyewe si ya kusikilizwa na mtu anayetetemeka. Mahali ambapo hutaelewa mambo ya kamera usione haya, niulize. Mimi niliyekuwa nikila kwa kamera ndiye niliyekuwa sielewi.

Kazi yangu ni kupiga picha. Studio yangu ni chumba kimoja Sumbawanga mjini, hatua chache kutoka sokoni: kitambaa cha bluu ukutani, stuli, taa mbili, na kioo kidogo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibwe. Huja watoto wa komunio ya kwanza na soksi zao nyeupe. Huja walimu wapya wanaotaka picha za kuambatanisha na barua. Huja pia wazee wa vijijini waliovaa koti, wakasema waziwazi, "Nipige moja nzuri, itakayokaa juu ya jeneza." Unazoea.

Nilifundishwa kazi na fundi mmoja aliyehamia kutoka Mbeya, mtu wa kikohozi na maneno machache, aliyekuwa akisafisha picha za nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Mengi aliyoniambia nimeyasahau. Moja sikulisahau. Alisema ujanani mwake alilitazama jua likipatwa na hakudhurika, kwa sababu alichukua filamu iliyoingia mwanga, akaisafisha ikatoka nyeusi tii, akapanga vipande viwili, kimoja juu ya kingine, akatazama kupitia hapo. "Viwili," alisema, akinionyesha vidole. "Kimoja hakitoshi."

Alisema kweli. Nataka ulishike hilo, maana baadaye wapo waliomlaumu marehemu, na marehemu hana kosa.

Miaka ikapita, fundi akafa, kamera zikabadilika, filamu zikaisha madukani. Kisha ukaja ule mwaka redio ilipotangaza kwamba jua litapatwa, na kwamba mikoa yetu ya kusini magharibi ndiyo itakayoona vizuri. Walisema mwezi hautaliziba jua lote, utaacha ukingo wa moto kuzunguka, kama pete. Mpiga picha gani wa Sumbawanga angelala? Nikakumbuka kopo la biskuti chini ya meza, limejaa filamu za zamani zilizoharibika, zile zilizoingia mwanga kwa wateja kufungua kamera ovyo, zikasafishwa zikatoka bila picha. Nikazitoa. Nyeusi. Ukizishika mbele ya taa unaona wekundu wa mbali, kama mkaa unaokaribia kuzimika. Nilikata vipande, nikavipanga viwili viwili, nikavibana kwenye makaratasi ya boksi yaliyotobolewa dirisha. Nilijiona mjanja.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakiegesha mbele ya studio wakanizunguka.

"Fundi, miwani hizo unauza?"

"Nagawa."

"Bure? Hapo kuna mtego."

"Mshikaji, mpe huyu mbili," mwingine akadakia. "Jicho lake moja kazi yake kuangalia abiria wa wenzake."

Wakacheka, wakagawana. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa, nikiinua vidole: viwili, kimoja hakitoshi. Nina tabia ya kueleza. Mtu akiniuliza saa, namweleza na jinsi saa inavyofanya kazi. Siku ile nilieleza vizuri sana, na kila nilichoeleza kilikuwa kibovu.

Kwa kuwa mjini kuna nguzo na nyaya, niliamua nikapigie picha Mpui, nyumbani kwa mama, ambako mashamba ni wazi na anga haina kizuizi. Pale alikuwa akiishi pia dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka kadhaa. Dada alikuwa akifuma masweta ya shule. Kwa baridi ya kwetu hakuna mtoto anayekwenda shule bila sweta, na kuanzia Septemba hadi Januari mashine yake haikupumzika. Ni mashine ya mkono, yenye safu ndefu ya sindano zilizobanana kama meno ya kitana. Unapitisha kigari kinachobeba uzi kulia, unapitisha kushoto, na macho yako yanakimbia juu ya sindano kutafuta ile iliyoachia uzi. Ikiachia moja usiione, sweta linafumuka mstari mzima. Dada alikuwa akiiona moja kabla haijaachia. Ndiye aliyenipeleka kwa yule fundi wa Mbeya, na ndiye aliyenifumia sweta nililovaa miaka yote ya kujifunza.

Nilifika asubuhi kwa pikipiki. Mama alikuwa ametandaza mahindi juu ya turubai na ameketi kando na fimbo ya kufukuzia kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na chuma chako. Umekula?"

"Nitakula, mama. Leo jua linapatwa."

"Lipatwe upesi basi. Mahindi yangu hayajakauka."

Dada alitoka ndani na uzi wa bluu umemzunguka shingoni. "Mdogo wangu," alisema, "wewe tangu utotoni ni mtu wa juu juu. Uliwahi kumwagikiwa uji kwa kutazama ndege."

"Leo utanishukuru," nikamwambia. Nikampa kikaratasi chake chenye dirisha jeusi.

Nilifunga kamera kwenye miguu mitatu, nikabandika vipande viwili vya filamu mbele ya lenzi kwa gundi ya karatasi. Kuhusu kuviweka mbele ya lenzi, nilikuwa sahihi. Kinga haikai upande wa jicho kamwe, inakaa mbele kabisa, ambako jua linaingilia, kwa sababu lenzi inakusanya moto kama kioo cha kuwashia karatasi. Ukiweka kinga nyuma, itaungua kabla hujasema lolote, na jicho liko palepale likisubiri. Mimi sikuweka hata jicho. Kamera zetu za sasa zina kioo cha nyuma kinachoonyesha picha, na nilitazama hicho. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa salama. Hili nimelifikiria mara nyingi kuliko unavyodhani.

Tatizo lilikuwa kwamba mchana ulikuwa mkali, na kioo cha kamera hakikuonyesha kitu. Nilijifunika kitenge cha mama kichwani na kwenye kamera, kama wapiga picha wa kale. Hata chini ya kitenge nililiona jua kama punje isiyo na makali. Sikuweza kujua limeliwa kiasi gani. Nilitaka picha moja tu, ya pete, wakati ule ule inapofunga, nao ni muda mfupi sana.

"Dada," nikaita kutoka ndani ya kitenge, "nitazamie wewe. Uniambie pete ikikaribia kufunga."

"Nitazame tu moja kwa moja?"

"Kwa hiyo filamu, ndiyo. Ni salama."

Akasimama kando yangu. Namkumbuka kwa sauti tu, maana nilikuwa gizani.

"Limeumwa."

"Endelea."

"Sasa ni kama mundu."

"Bado?"

"Bado."

Baridi iliongezeka. Mwanga ukawa kama wa taa inayopungukiwa mafuta, na vivuli vikawa vikali kupita kawaida. Mama alilalamika kutoka kwenye turubai, "Mmeliziba nyie na vitambaa vyenu!" Dada akacheka bila kushusha uso. Akasema macho yanamchoka, apumzike kidogo.

Nikamwambia, "Usiondoe jicho. Ukiondoa itatupita."

Hakuondoa.

"Bado," alisema. "Bado. Limekuwa jembamba. Bado, mdogo wangu. Sasa… hapana. Linaanza kunenepa upande ule."

Pete haikufunga. Baadaye tulisikia kwamba zipo sehemu zilizoiona nzima, nasi tulikuwa pembeni kidogo ya njia yake. Dada alikazia macho kitu ambacho kwetu hakikuwa kinakuja. Nilipiga picha kadhaa za mundu mwembamba, wenye rangi ya kutu na kingo zenye ukungu. Tukala ugali wa ulezi na maharage. Dada alisema anaona doa la kijani kila anapotazama, kama mtu aliyetazama taa, na sote tukasema litaondoka. Hakuwa na maumivu. Hilo ndilo linalowadanganya watu: nyuma ya jicho, pale picha inapoangukia, hakuna kiungo cha kusikia maumivu. Kidole kikiungua unakitoa. Jicho linaungua ukiwa unacheka.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia nikiwa studio, nikiwachapia wateja ule mundu.

"Mdogo wangu, uko na watu?"

"Sema tu, dada."

"Sindano ninayoitazama haionekani."

Sikumwelewa. Nikamuuliza kama umeme umekatika.

"Sikiliza vizuri. Naziona za kulia. Naziona za kushoto. Ile ninayoitazama ndiyo haipo. Nikihamisha jicho kwa jirani yake, naye anaondoka."

Niliwaacha wateja wamekaa.

Hospitalini, mtaalamu wa macho alimweka dada mbele ya ubao wa herufi zilizogeuziwa huku na huku. Jicho la kushoto lilikosea mistari ya chini. La kulia halikuona hata herufi kubwa ya juu kabisa, mpaka dada alipoinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza, ndipo akaionyesha kwa pembeni. Yule mtaalamu alimulika ndani kwa muda mrefu. Kisha akavuta stuli.

"Mama, ulilitazama jua jana?"

"Nilitazama kwa filamu."

"Filamu gani? Nani alikupa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono wangu ukiwa begani pake. Nilisikia bega likikaza.

"Nilijitafutia mwenyewe," dada akasema. "Zilikuwa zimezagaa nyumbani."

Sikusema kitu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na yule mtaalamu alinitazama hata mimi. Nilitazama ubao wa herufi. Ukitaka kujua jambo ninalolionea aibu kuliko hata zile filamu, ni hilo.

Yule mtaalamu hakutugombeza. Alieleza taratibu, na kwa kuwa ni yeye aliyenifumbua macho, nami nakueleza. Filamu ya zamani ya nyeusi na nyeupe, weusi wake ni madini: chembe za fedha kweli, zilizosongamana. Madini yanazuia mwanga unaoonekana na yanazuia pia miali ya joto isiyoonekana. Filamu ya rangi ni kitu kingine. Ikishasafishwa, fedha yote huoshwa ikatoka, zikabaki rangi peke yake. Rangi zinafifisha mwanga, kwa hiyo jicho linaona giza, linaridhika, mboni inapanuka kama dirisha lililofunguliwa, na miali ya joto inapita katikati ya rangi kana kwamba hakuna kitu. Zote mbili ni nyeusi mkononi. Fundi wangu alitumia ya kwanza. Kopo langu la biskuti lilikuwa limejaa ya pili. Alinirithisha kanuni iliyo sahihi, na mimi nikaitumia kwenye kitu ambacho yeye hakukikusudia. Ule wekundu wa mbali nilioutazama mbele ya taa ulikuwa ukiniambia, lakini nilikuwa sijui kuusoma.

"Dawa ipo?" dada akauliza.

"Dawa hakuna. Tunasubiri. Wengine hupona kidogo kidogo, miezi kadhaa. Wengine hubaki hivyo."

"Masweta ya Januari je?"

Mtaalamu akaandika.

Mchana ule ule nilikwenda kwa vijana wa bodaboda, mmoja mmoja. Niliwashikia njiti ya kiberiti mbele ya uso, jicho moja likiwa limefunikwa, nikiuliza kama wanaona kichwa chake. Walicheka. "Fundi, siku hizi umekuwa daktari?" Wote walikiona. Walikuwa wametazama kidogo wakachoka, wakarudi kwenye abiria wao. Hakuna aliyewasimamia akiwaambia wasiondoe jicho. Nilikusanya vipande vilivyobaki nikavichoma nyuma ya studio, na moshi wake ulinuka vibaya.

Tukasubiri. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda Mpui. Dada alikuwa na njia yake ya kujipima: aliketi mlangoni, akafumba jicho moja, akautazama uso wa mama. Mwezi wa kwanza wa kusubiri alisema anaona kitambaa cha kichwa na kidevu. Kwenye Noeli jicho la kushoto lilikuwa limerudisha midomo na pua, ingawa mistari iliyonyooka bado ilipinda. La kulia halikurudisha kitu. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kukaa akitazamwa, alikaa.

"Niko?" aliuliza kila mara.

"Uko kidogo, mama."

Januari mashine ilifunikwa shuka. Dada alijaribu kufuma kwa kupapasa, akafumua, akajaribu tena. Shingo za masweta ndizo zilizomshinda, kwa kuwa pale sindano zinahesabiwa moja moja. Mwisho akamwita mwanamke mmoja wa kijiji cha Msanzi aliyewahi kujifunza kwake, akamkabidhi mashine na nyuzi zote. Nilikuwepo walipoipakia. Dada alimwelekeza sindano ipi imelegea na ipi inahitaji mafuta, akizionyesha kwa kidole bila kuzitazama, wala hakukosea. Gari lilipoondoka, akaingia ndani kuchukua jembe.

Nilimwambia siku ile. Nilimwambia kwamba nilipaswa kusema pale hospitalini.

"Ungesema ili iweje?"

"Ili ijulikane ni mimi."

"Mimi nilijua," akasema. "Mtaalamu alikuwa wa nini?"

Akatangulia shambani. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Tangu hapo yeye ananiita mdogo wangu kama zamani, lakini nikimweleza jambo, lolote, hata bei ya mbolea, anasubiri nimalize, kisha anamuuliza mtu mwingine. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Nadhani hata hajui kwamba anafanya.

Miaka michache baadaye jua liliumwa tena, asubuhi, kidogo tu upande mmoja. Wiki nzima kabla yake sikulala vizuri. Tayari nilikuwa nimeshasoma nilichopaswa kusoma mapema: kwamba zipo kinga zinazotengenezwa mahsusi kwa jua, za miwani na za lenzi, na kwamba hata hizo zikiwa na mkwaruzo au tundu la ukubwa wa ncha ya pini ni za kutupwa. Kwamba picha za eksirei, CD za muziki, kioo kilichopakwa masizi na miwani ya kawaida ya jua vyote ni ndugu wa filamu zangu. Kwamba hata beseni la maji, ambalo watu wetu wanaliamini sana, linakurudishia jua usoni. Sikuwa na kinga ya kweli, na sikutaka kubahatisha. Nilikwenda Mpui nikiwa nimekusudia kumwambia dada akae ndani.

Nilimkuta ameketi nje, mgongo ukiwa umeelekea mashariki.

"Nataka kuliona," akasema.

"Dada, hapana."

"Sijasema nitatazama juu. Juu nimeshatazama. Wewe ni mpiga picha, nionyeshe chini."

Nilitoboa boksi tundu moja dogo. Nikamwomba mama karatasi nyeupe, akanipa kalenda ya kanisa, nyuma yake nyeupe. Tukasimama wote wawili tumelipa jua visogo, boksi likiwa juu ya bega langu, karatasi ukutani hatua mbili mbele yetu. Katikati ya kivuli cha boksi likatokea jua, dogo kama punje ya hindi, limeng'atwa ukingoni.

Dada alilitazama. Nikaona anahangaika, uso unasogea huku na huku. Kisha akageuza kichwa kidogo, akatulia.

"Hapo katikati halipo," akasema. "Pembeni naliona. Lina pengo."

"Lina pengo," nikasema.

Hakuniamini. Akamwita mama aache mahindi yake, aje atazame karatasi. Mama akaja, akainama, akasema ndiyo, lina pengo, upande huu hapa. Ndipo dada akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikapiga picha ya ile karatasi. Ni picha mbaya, ya duara dogo nyuma ya kalenda, lakini hakuna jicho lililoilipia.

Litapatwa tena siku moja ukiwa hai. Usisubiri mtu kama mimi akupe kitu cheusi akuambie ni salama. Chukua boksi gumu na pini, toboa tundu moja dogo la duara. Simama ulipe jua mgongo, shika boksi juu ya bega, na uweke karatasi nyeupe hatua moja au mbili mbele yako, kivulini mwa boksi, mpaka duara la mwanga litulie juu yake. Elekeza kamera au simu yako kwenye karatasi, upige picha hapo, wala usigeuke nyuma.